Kuizuru Mombasa Peke Yako: Mwongozo Kamili wa Usalama na wa Kuchanganyika na Watu

Anayekwenda Mombasa peke yake kwa mara ya kwanza hupewa mawaidha ya aina mbili, na yote mawili humpotosha. Mshauri wa kwanza humwambia asizungumze na mtu, aushike mkoba kifuani na arudi chumbani kabla ya magharibi. Wa pili humwambia kwamba Wapwani ni watu wa karibu-karibu, hivyo asiwe na wasiwasi wowote. Mimi nimeuzuru mji huo peke yangu mara nyingi, na ninaloliamini ni jambo la tatu: kule usalama wa mgeni hutokana na kujulikana. Mgeni ambaye muuza kahawa anamtambua kwa sura, dereva wa tuktuk anamwita kwa jina, na mama wa mahamri anamuuliza kwa nini jana hakuonekana, ni vigumu kumwibia kuliko yule anayepita mbio akikwepa macho ya watu. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa kulifuata wazo hilo, tangu unapokata tiketi hadi unapoaga.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagua kwanza majira. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi na joto ni kali, na katika wiki za mwisho za Desemba vyumba hujaa wageni kutoka bara na bei zikapanda. Aprili na Mei ni masika. Maji hufurika barabarani na bahari huchafuka. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa kusi huupoza mji, na kwa mtu anayetaka kutembea kwa miguu sioni wakati ulio bora zaidi. Ramadhani inataka kufikiriwa peke yake: mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kula wala kunywa barabarani, lakini baada ya futari mji huamka upya hadi usiku mwingi, na mgeni asiye na mwenyeji hualikwa kwenye sinia kwa wepesi kuliko mwezi mwingine wowote.

Kwa upande wa hati, raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawadaiwi idhini ya awali, ilhali wageni wengi kutoka nje ya Afrika, tangu Januari 2024, huomba idhini ya kielektroniki kwenye mtandao kabla ya safari. Anayetoka Tanzania kwa njia ya Horohoro na Lungalunga abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana huulizwa mpakani. Usifunge nguo zako kwenye mifuko ya plastiki, kwani Kenya iliipiga marufuku mwezi Agosti 2017 na wakaguzi huitoa. Pwani kuna malaria. Pata ushauri wa daktari mapema na ujue kwamba chandarua ni sehemu ya chumba, si pambo lake.

Hatua inayopuuzwa zaidi ni ya kumteua mtu mmoja nyumbani atakayejua ulipo. Nasema mtu mmoja, si kundi zima la WhatsApp, kwa sababu jambo la wote huwa halina wa kulishughulikia. Mpe jina la nyumba utakayolala pamoja na nambari yake ya simu, kisha mpatane saa ya kupeana habari kila usiku na mkubaliane atafanya nini endapo saa hiyo itapita mara mbili mfululizo bila wewe kusikika. Mkishapatana hivyo, utakuwa huru kuizima simu mchana kutwa bila kumtia mtu hofu.

Pa kulala, na kwa nini ulipie siku mbili tu

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na viunga vyake vya bara. Upande wa kaskazini unavuka daraja la Nyali kuelekea Kongowea, Bamburi na hatimaye Mtwapa. Magharibi unapita Makupa kuelekea Changamwe, uwanja wa ndege na stesheni ya treni ya Miritini. Kusini unavuka kwa feri hadi Likoni. Diani, ambayo wengi huitaja kana kwamba ni mtaa wa Mombasa, iko kaunti ya Kwale, na anayelala huko hawezi kudai kuwa ameuzuru mji.

Mtu aliye peke yake anayetaka watu zaidi ya mchanga namshauri aanze kisiwani, ama katika nyumba za wageni za Mji wa Kale au karibu na Moi Avenue, kisha ahamie Nyali au Bamburi baadaye akitaka ufuo. Lipia siku mbili pekee kwanza. Ukishafika, kagua mambo yasiyoonekana kwenye picha: kama mlango una komeo la ndani, kama kuna mtu mapokezini usiku kucha, kama dirisha linafikiwa na mtu aliyesimama uani, na kama pangaboi linazunguka. Nyumba nyingi zinazoendeshwa na familia katika Mji wa Kale zina masharti ya kutoingiza pombe na kutopandisha mgeni chumbani. Wapo wasafiri wanaoudhika na masharti hayo, lakini mimi huyahesabu kuwa mlinzi wa bure, kwani mahali ambapo mgeni wako hawezi kupanda ngazi, hata asiye mgeni wako hapandi.

Kufika mchana

Panga safari yako ufike jua likiwa juu. Treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, huchukua kati ya saa tano na sita kutoka Nairobi, na kuna inayoondoka asubuhi ambayo hukufikisha Miritini alasiri. Ile ya usiku huingia kabla hapajapambazuka, saa ambayo mtu asiye na wa kumpokea hana cha kufanya ila kuwategemea madereva waliomzunguka. Tiketi huandikwa kwa jina na nambari ya kitambulisho, nayo hukatwa mapema kwa simu au mtandaoni, hasa karibu na sikukuu. Kutoka Dar es Salaam basi hupitia Tanga na mpakani, na safari hula karibu siku nzima; mabasi mengi hushusha Mwembe Tayari, mahali penye mahamali, wapiga debe na vijana wanaokushikia mzigo kabla hujaukabidhi. Usigombane nao. Weka mkono juu ya begi lako, sema “Ahsante, napokelewa,” kisha tembea kana kwamba unajua uendako hadi kwenye duka au mkahawa wa jirani, uagize chai, ndipo uitoe simu.

Kabla ya kupanda chombo chochote, ijue nauli kwa kumuuliza mtu asiyefaidika na jibu lake. Muuza duka, askari wa mlangoni au mama mwenye mtoto atakwambia bei ya mwenyeji. Dereva atakwambia bei ya mgeni. Programu za teksi kama Uber na Bolt zinafanya kazi mjini, na hata usipozitumia, bei zinazoonyeshwa hukupa kipimo cha kujadiliana.

Siku ya kwanza

Hapa ndipo safari nzima inapoamuliwa, na ndipo wasafiri wengi wanapokosea kwa kukimbilia ufuoni au kwenye ngome ya Fort Jesus. Siku ya kwanza usiende mbali. Tembea katika mtaa wako wa kulala tu, polepole, asubuhi na tena jioni, ukiwa na kazi moja: kupata watu watatu watakaokukumbuka kesho.

Wa kwanza ni mpishi wa asubuhi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale na pembezoni mwa soko la Marikiti utawakuta akina mama wenye karai la mahamri na sufuria la mbaazi za nazi. Keti hapo hapo ule, usifungiwe uondoke nayo, na kesho yake urudi kwa mama yule yule hata kama wa jirani yake ana mbaazi nzuri zaidi. Wa pili ni dereva mmoja wa tuktuk, ambaye ni vizuri uunganishwe naye na mwenye nyumba yako. Chukua nambari yake na umwachie safari zako zote za usiku. Wa tatu ni muuza kahawa.

Kahawa ya Mombasa huuzwa jioni, baada ya swala ya alasiri na zaidi baada ya magharibi, kutoka kwenye dele la shaba lililokalia makaa, na hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ikisindikizwa na kashata au halwa. Wenyewe huiita kahawa tungu, maana Kimvita, lahaja ya Mombasa, huweka “t” pale ambapo Kiswahili cha vitabuni huweka “ch”, kama vile kinavyosema “ndia” badala ya “njia”. Jina la mtaa wa Ndia Kuu, wenye milango ya nakshi na maroshani, limehifadhi matamshi hayo. Nayataja haya kwa sababu mgeni anayeiuliza lugha ya mahali hupata mazungumzo ya nusu saa bila kutumia hila yoyote. Wazee wa Mvita wanaipenda lahaja yao, na ukiwauliza tofauti ya neno moja na jingine watabishana wao kwa wao hadi wakusahau.

Kukaa barazani kuna taratibu zake. Unasalimu kwanza, na salamu inakwenda kwa wote waliokaa. “Salaam aleikum” huitikiwa hata ikitoka kwa asiye Mwislamu, lakini kama haikukai mdomoni, “Hamjambo” inatosha, na mzee mwamkie “Shikamoo”. Kisha unauliza kama kuna nafasi, unakaa pembeni, unaagiza kahawa na unasikiliza. Pakiwa na mchezo wa bao au dhumna, kutazama kunaruhusiwa na kumfundisha mchezaji hakuruhusiwi. Huhitaji kuanzisha mada. Swali litakujia lenyewe: “Kwenu wapi?” Lijibu kikamilifu, utaje nchi, mji na hata kabila ukipenda, kwa kuwa anayeuliza anatafuta uzi wa kukuunganisha nao: shemeji aliyeolewa Tanga, mjomba aliyefanya kazi Bujumbura, au jirani aliyehamia Muscat. Uzi huo ukipatikana, wewe si mpita njia tena.

Msafiri wa kike ataona kwamba mabaraza mengi ni ya wanaume. Anaweza kuinywa kahawa yake bila kufukuzwa, lakini mazungumzo yatakuwa yamejikunja. Uwanja wake uko kwingine. Mmoja ni Biashara Street, kwenye maduka ya leso, yaani khanga kwa ulimi wa Tanzania: mwombe muuzaji akusomee majina yaliyoandikwa, uulize lipi linafaa kumpelekea mama na lipi ni la kumrushia mke mwenza, na kabla hujalipa utakuwa na wateja watatu wanaokushauri kwa sauti. Mwingine ni kwa mpaka hina. Hapo nina onyo moja: piko nyeusi inayopakwa haraka haraka ufuoni huweza kuwa na dawa ya kutia nywele rangi, na dawa hiyo imewaunguza watu ngozi wakabaki na makovu. Hina yenyewe ni ya kahawia na haikauki upesi.

Urafiki na mipaka yake

Kujulikana hakumaanishi kumwamini kila anayekujua. Kuna mwenyeji na kuna mtafutaji, na wote wawili huanza kwa tabasamu. Mimi huwatofautisha kwa maswali yao. Mwenyeji huuliza kwenu ni wapi na watu wako hawajambo. Mtafutaji huuliza umefika lini, umefikia wapi na uko na nani, kwa sababu anapima unajua nini na unalindwa na nani. Maswali haya ya pili usiyajibu kwa ukweli wote, na wala huna haja ya kuwa mkali. “Nimefikia kwa jamaa, wananingoja” ni jibu lisilomvunjia mtu heshima.

Mtu mliyejuana leo mkutane naye mahali pa wazi, kila mmoja ajilipie mara ya kwanza, na pasiwe na kukopeshana. Ukialikwa nyumbani kula, na huenda ukaalikwa, kubali chakula cha mchana kabla ya cha usiku, mwambie yule mtu wako wa nyumbani unakokwenda, na usiingie mikono mitupu. Matunda au kilo mbili za sukari ni zawadi isiyomwia mtu deni. Viatu viache mlangoni. Ukiona mwaliko unabadilika njiani, kwamba kwanza tupite kwa rafiki, kisha tupite mahali pengine, rudi ulikotoka bila kuomba radhi.

Vijana wa Swahilipot Hub, kituo cha sanaa na teknolojia kilicho karibu na Fort Jesus, hufanya shughuli zinazopokea watu wa nje, na kwa msafiri kijana pale ni njia fupi ya kupata wenzake wa rika bila kupitia vilabu vya usiku.

Kuzunguka mjini

Ndani ya kisiwa mwendo mzuri ni wa miguu asubuhi na wa tuktuk mchana. Matatu za kwenda Nyali, Bamburi na Mtwapa hupatikana Posta; uwe na pesa ndogo ndogo, usikae dirishani huku unaandika ujumbe, na usiitoe simu gari linapopunguza mwendo kwenye msongamano, kwa maana mkono hupita dirishani ukarudi kabla hujajua kilichotokea. Bodaboda panda ukipewa kofia, vinginevyo tembea.

Sokoni Marikiti, ambako utaona viungo, achari, mabuyu na miraa ikishushwa, simu na pesa viwe mfuko wa mbele. Ukikuta duara la watu wanaocheza karata tatu, wengine wakishinda kwa urahisi wa ajabu, ujue hiyo ndiyo pata potea, na washindi wote unaowaona ni wa kundi moja. Usisimame hata kutazama.

Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iende mapema kabla ya jua kali. Bei ya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya wageni wengine, hivyo beba kitambulisho. Nje ya lango watu kadhaa watajitolea kukuongoza. Chagua mwenye kitambulisho cha kazi, mpatane bei ya ngome peke yake au ya ngome pamoja na Mji wa Kale, na msianze hatua ya kwanza kabla ya kupatana. Kiongozi mzuri ana thamani zaidi ya maelezo yake, kwa sababu saa mbili za kuonekana ukitembea naye vichochoroni ni utambulisho tosha kwa mtaa mzima.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwa watu, hasa wanawake, na usipige kabisa bandarini, kwenye feri na karibu na majengo ya jeshi la wanamaji. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala; usijipangie manunuzi saa hiyo.

Kivuko cha Likoni nakipa aya yake. Kwa mtembea kwa miguu ni bure, kinafanya kazi usiku na mchana, na ni mahali pa kuuona mji ukipumua. Lakini asubuhi umati hutoka Likoni kuja kisiwani na jioni hurudi, na katika saa hizo mbili watu husukumana hasa. Vuka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ukiweza, mkoba uwe mbele, na uteremke ngazi bila haraka ya kuiwahi feri inayoondoka, kwani nyingine inakuja. Ukiwa ndani ya teksi, teremka uvuke kwa miguu kisha upande ng’ambo. Mwezi Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama na mama na mwanawe waliokuwemo, na tangu siku hiyo sijavuka nikiwa nimefungiwa garini.

Pesa

Mombasa unaweza kukaa wiki nzima bila kugusa noti nyingi, kwa kuwa M-Pesa inapokewa hadi kwa muuza madafu. Sajili laini ya simu siku ya kwanza kwa pasipoti au kitambulisho, katika duka rasmi, si kwa kijana wa kando ya barabara. Kabla ya kubonyeza nambari ya siri, soma jina linalotokea na ulilinganishe na la unayemlipa. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa, ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea nambari na anaomba umrudishie, tazama salio lako kwanza. Mara nyingi ujumbe ule si wa kampuni, ni wa yeye mwenyewe. Weka akiba ndogo ya noti katika kiatu au kwenye pindo la begi, na kadi ya benki iache chumbani siku usiyoihitaji.

Ufuoni

Tatizo la mtu mmoja baharini ni dogo na halina jibu kamili: ukiogelea, nani atakushikia vitu? Dawa yake ni kwenda na vichache, yaani nguo, nauli na simu ya bei nafuu katika mfuko usiopitisha maji, au kulipia kiti katika hoteli inayopokea wageni wa kutwa. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates, nimewahi kumwachia mfuko mama muuza mihogo niliyekuwa mteja wake kwa siku tatu, na nikaukuta kama nilivyouacha. Nilipomwachia kijana aliyejitolea mwenyewe, niliukuta mfuko bila miwani.

Bahari nayo ina saa zake. Maji ya pwani ile hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupwa mbali sana hadi mtu akavutiwa kutembea kuelekea mwambani. Vaa viatu, kwa ajili ya miiba ya viumbe wakaao kwenye mawe, na muulize mvuvi maji yanarudi saa ngapi. Maji hayarudi kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na asiyejua kuogelea hujikuta amekatwa na nchi kavu huku magoti yake yangali makavu.

Vijana wa ufuoni wanaouza safari za mashua, ngamia na vinyago watakufuata. Wasalimu, wakatalie mara moja kwa upole, na usiseme “baadaye” kama huna nia, kwa kuwa neno hilo kwao ni ahadi. Ukitaka mashua ya kwenda kwenye hifadhi ya baharini, jiunge na watu wengine badala ya kutoka peke yako, hakikisha kuna maboya ya kuvaa, na uulize kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei. Jua likizama, ondoka. Ufuo wa usiku si mahali pa mtu mmoja, na sijapata mwenyeji anayebisha hilo.

Usiku

Jioni nenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari ambako familia nzima nzima huja kupunga upepo na kutazama meli zikiingia bandarini. Kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, viazi karai kwa ukwaju, unywe dafu, na uondoke wakati familia zinapoanza kuondoka; hicho ndicho kipimo changu popote, kwamba watoto wakiwapo nami nipo. Kurudi ni kwa tuktuk ya yule dereva wako. Visa vya vijana wenye mapanga vimekuwa vikiripotiwa mara kwa mara Kisauni na baadhi ya sehemu za Likoni, na japokuwa wakazi wa mitaa hiyo huishi maisha yao kama wengine, mgeni asiyeijua asiitembelee gizani.

Kwa wanaopenda muziki na vinywaji, starehe ziko zaidi Nyali, Bamburi na Mtwapa, ambayo tayari ni kaunti ya Kilifi. Tahadhari kubwa huko ni “kuwekewa mchele”, yaani dawa ya kulevya kutiwa kwenye kinywaji chako, na wanaume huwekewa sawa na wanawake. Chupa ifunguliwe mbele yako, usiiache mezani ukienda msalani, na ukijiona umelewa kuliko ulivyokunywa, mwite mhudumu au mlinzi wa mlango, si rafiki mpya aliyejitolea kukusindikiza.

Mambo yakiharibika

Simu ikinyakuliwa, usimfukuze aliyeichukua. Na ufikirie kabla ya kupiga kelele za “Mwizi!”, kwa sababu katika miji yetu kelele hiyo huweza kuita mawe na matairi, na kijana akauawa kwa simu ya bei ya wiki mbili za chakula. Ingia dukani, omba simu, zuia laini na akaunti ya pesa, kisha uende kituo cha polisi ukaandikishe ripoti na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo hutapata abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yako, ya kudai bima wala ya kubadilisha hati. Mwombe mwenye nyumba yako au yule mzee wa barazani akusindikize, maana mgeni aliyefuatana na mwenyeji hasubirishwi sana.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Simu ya bure ya 1195 husaidia walioshambuliwa kijinsia, na mtu aliyepatwa na hilo aende hospitali upesi kabla ya kuoga, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Hospitali kuu ya umma ni ya rufaa ya Coast General, na za binafsi ziko kadhaa kisiwani. Andika jina la iliyo karibu nawe kwenye karatasi, kwani simu huzima chaji siku ya ajali.

Kuaga

Jioni ya mwisho wapitie wale watatu uwaambie unaondoka kesho. Muuza kahawa huenda akakataa pesa ya kikombe hicho, usishindane naye. Kama unarudi kwa treni ya asubuhi, fika Miritini zaidi ya saa nzima kabla ya kuondoka, kwa kuwa mizigo hukaguliwa mara kadhaa, mbwa wakiwamo. Halwa inunue usiku huo na uifunge vizuri. Mahamri yaombe mapema kwa mama, naye atakukaangia ya alfajiri kabla ya wateja wengine, lakini mbaazi za nazi zile pale pale, kwa sababu hazifiki Nairobi kabla ya kuchacha.